Hatari Iliyo Karibu

Askari Yesenia Ochoa alisimama nje ya banda la pampu, mikono kaifunga nyuma kama mtu aliyeingia duka la vyombo vya kioo, akamwambia Lyle Haugen kwa upole kwamba amekuja kumjulia hali tu. Joto la Julai lilikuwa limeukalia mji mdogo wa Coulter Flat kwa wiki nzima, majani ya mitufaa yamejikunja, na bati la banda lilikuwa likitoa milio midogo kama ya kikaango kinachopoa. Mlango ulikuwa nusu wazi. Ochoa aliweza kumwona Lyle ameketi sakafuni nyuma ya pampu, shati limemganda mwilini, midomo imepasuka. Miguuni pake palikuwa na chupa za maji alizoletewa na mama yake. Zote alikuwa amezimwaga.

Arlene Haugen, mama yake, alisimama kando ya askari huyo akiwa amevaa aproni. Alieleza kwa mara nyingine kwamba mwanawe ameacha dawa zake tangu mwanzo wa mwezi, kwamba anaamini maji ya kisima yametiwa sumu, na ya dukani pia, na ya mfereji pia, na kwamba tangu jana hajaweka kitu mdomoni. Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema kwa watu wa gari la wagonjwa waliofika asubuhi, wakamwuliza Lyle kama anataka kwenda hospitali, wakajibiwa hataki, wakaondoka.

Ochoa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama Lyle amempiga mtu. Hapana. Amemtishia mtu? Hapana. Amesema anataka kujiua?

"Anataka kuishi," Arlene alisema. "Ndiyo maana hanywi maji. Anadhani yatamuua."

Ochoa akaandika hilo. Alikuwa na miaka miwili kazini, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumfundisha la kufanya na jibu kama lile. Alirudi kwenye gari, akazungumza na redio kwa muda mrefu, akarudi na kadi yenye namba ya simu ya ofisi ya afya ya akili. Alimwambia Arlene kwamba anasikitika. Sheria mpya zimeanza kazi, na kama hakuna kosa la jinai na hakuna hatari iliyo karibu, askari haruhusiwi kumgusa mtu. Zaidi ya hapo, anatakiwa aondoke, kusudi kuwapo kwake kusije kukaleta vurugu.

Bwana Garrity, jirani, alikuwa ameegemea uzio wake tangu gari la polisi lilipoingia. "Zamani mlikuja kufanya kazi," alisema Ochoa alipopita. "Siku hizi mnakuja kutazama. Basi siku nyingine njooni na bisi, mkae mtafune."

Ochoa aliendelea kutembea. Aliingia garini, akakaa kidogo bila kuwasha injini, halafu akaondoka.

Mkwe wa Arlene alikuwa sajenti katika kituo kile kile cha polisi alikotoka Ochoa. Orrin Stensrud alimwoa Marlys, dada yake Lyle, na kwa miaka mingi ugonjwa wa shemeji yake ulikuwa jambo alilolimaliza yeye mwenyewe. Lyle akiacha dawa, Orrin angekuja na mwenzake mmoja, wakamshika makwapa huku Orrin akimwambia, "Twende shemeji, tukanywe kahawa mbaya ya hospitali," na kabla Lyle hajamaliza kuwatukana wangekuwa wamefika. Baada ya wiki chache Lyle angerudi amenyoa ndevu, mnyonge, akamsaidia mama yake kuchuma cheri.

Mara ya mwisho bega la Lyle liliteguka katika vuta nikuvute. Arlene hakulalamika. Alimpelekea Orrin keki kushukuru, na Orrin akaila, lakini kwa siku kadhaa alikuwa akiusikia ule mlio wa bega. Kwa hiyo wabunge kule Olympia, mji mkuu wa jimbo, walipopitisha sheria za kuwazuia polisi wasikimbilie nguvu, baada ya watu wengi kufia mikononi mwa polisi katika miji mikubwa, yeye hakuwa miongoni mwa waliopiga meza kituoni. Alisema labda wana hoja. Kilichomshinda ni kuelewa hoja hiyo inamtaka afanye nini Jumatatu asubuhi.

Askari walionyeshwa video za mafunzo. Wakapewa maelezo ya mwanasheria wa mji, yaliyosema wasiende kabisa kwenye simu za wagonjwa wa akili isipokuwa kuna kosa. Wilaya ya jirani ikawaambia askari wake waende, ila wasiguse mtu. Wilaya ya mbali kidogo ikasema hakuna kilichobadilika. Askari wa Coulter Flat walipokutana na wenzao kwenye kituo cha mafuta waliulizana kama wanafunzi waliotoka kwenye mtihani: ninyi pale mmejibu nini?

Mchana wa siku ile ya banda Orrin alipata habari za Lyle kwa njia ya redio, kwa sauti ya Ochoa, na anwani aliifahamu kabla haijatajwa yote. Alimpigia mwanasheria wa mji akamwuliza kuhusu maneno "hatari iliyo karibu." Mtu anayekataa maji katika joto kama hili, je, hayuko hatarini? Mwanasheria alisema yuko. Basi? Mwanasheria alifikiri. Alisema karibu maana yake ni sasa hivi, si kesho. Akidondoka na kuzimia, hapo itakuwa karibu.

"Akizimia hatahitaji kukamatwa," Orrin alisema. "Atahitaji kubebwa."

"Sajenti, mimi sikuitunga," mwanasheria alisema, na kwa sauti yake ilionekana naye alikuwa amechoka kuulizwa.

Orrin akampigia Bwana Fenske, mtu wa afya ya akili wa wilaya, ambaye sahihi yake ndiyo inayoweza kumpeleka mgonjwa hospitali bila ridhaa yake. Fenske alikuwa tayari kumwona Lyle. Lakini ofisi yake haimruhusu kuingia kwa mgonjwa aliyejifungia pasipo polisi, na polisi wa Coulter Flat wameambiwa wasiende pasipo kosa. Tena hata akitia sahihi, aliuliza Fenske, nani atamtoa Lyle bandani? Orrin alisema hajui. Fenske alisema yeye alidhani Orrin ndiye anayejua. Wakabaki kwenye simu, kila mmoja akimsubiri mwenzake.

*

Jioni, jua likiwa bado juu, Orrin alifika kwa mama mkwe wake akiwa na sare zake. Marlys alikuwa ametangulia. Alikuwa amesimama kwenye sinki akiosha vyombo visivyokuwa vichafu. Arlene alimwekea mkwewe chai ya baridi na sandwichi ya nyama, akaketi mbele yake, asimwambie ale.

Orrin alikuwa amekwisha kupita bandani. Alikuwa amechuchumaa mlangoni, akasema na shemeji yake kwa muda, akamnywea maji mbele yake kutoka kwenye chupa ili aone. Lyle alimtazama kwa huruma kubwa, kama anayemtazama mtu anayejiua bila kujua. Alimwomba asinywe tena. Alimwita ndugu yangu. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, na alipoongea ulimi ulikuwa ukigandia. Orrin angeweza kumnyanyua peke yake. Lyle alikuwa amekonda kiasi hicho. Orrin alikuwa amenyoosha mkono, akauona umevaa sare, akaurudisha.

Marlys ndiye aliyeanza. Alimwuliza mumewe, bila kugeuka, mbona wiki iliyopita walimbeba mlevi aliyelala nje ya baa. Orrin alieleza kwamba yule alikuwa amevunja kioo. Marlys akauliza kama kioo kimoja kina thamani kubwa kuliko kaka yake. Orrin akasema si hivyo. Marlys akasema basi amweleze ni vipi, maana yeye alimwoa polisi, si mwanasheria, na sasa inaonekana hana hata mmoja. Orrin akasema yeye mwenyewe, hata angevua sare, angehesabiwa ni askari. Mwanasheria alikwisha kumwambia hilo pia. Akimvuta Lyle kwa nguvu na Lyle akaumia, atapoteza cheti chake cha kazi na labda akashtakiwa. Mara hii alikaribia kusema juu ya lile bega, lakini hakusema.

Arlene aliwasikiliza kama mtu anayesubiri redio imalize muziki ili ifike habari. Kisha akauliza.

"Orrin, nieleze kama unavyomweleza mtoto. Lyle afanye nini ndipo mje mumchukue?"

Orrin alitazama gilasi yake. "Avunje sheria, mama."

"Sheria gani?"

"Ya kumdhuru mtu. Apige mtu. Atishie mtu kwa kitu. Asukume mtu."

"Hata akinisukuma mimi?"

"Hata akikusukuma wewe, mama. Hapo hatumwulizi mwanasheria."

Maji yaliacha kutiririka kwenye sinki. Marlys aligeuka akamtazama mumewe, na Orrin akaona kwamba jambo fulani limekwisha kusemwa ambalo haliwezi kurudishwa. Angeweza kuongeza. Ilikuwapo sheria nyingine, ya zamani, ambayo kila askari wa jimbo aliifahamu kuliko jina la mtoto wake: ugomvi wa ndani ya nyumba ukiwa na dalili ya kupigana, askari hana hiari, lazima amkamate mtu na kumpeleka jela. Jela, si hospitali. Hakuongeza. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka kama aliisahau kwa uchovu au aliificha ili mama mkwe asiogope, na kila mara alipata jibu tofauti.

Arlene alisema asante. Akamwambia ale sandwichi yake.

*

Simu ilipigwa asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeanza kuchoma. Arlene aliwaambia watu wa namba ya dharura kwamba mwanawe amemsukuma akaangukia mlango. Alilisema hilo haraka, kisha alipotakiwa kurudia, alilirudia polepole.

Ochoa ndiye aliyefika tena, safari hii na wenzake wawili. Alimkuta Arlene ameketi ngazini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na alama ya zambarau kutoka kiwiko hadi karibu na kiganja, alama aliyoipata usiku alipokuwa akigonga mlango wa banda kwa ngumi na mkono, akimsihi Lyle anywe. Alikuwa anatumia dawa za kuyeyusha damu, na ngozi yake ilivilia kwa kuguswa tu. Kamera kifuani mwa Ochoa ilikuwa inawaka taa nyekundu.

"Mama, yeye ndiye aliyekufanya hivyo?"

Arlene aliangalia ile taa. "Ndiyo," alisema.

Ochoa akapiga picha ile alama. Alihisi kitu alichokuwa hajakihisi tangu sheria zianze, kitu kama mtu aliyepotea akaona barabara ya lami. Alijua la kufanya. Aliwapungia wenzake, wakaenda bandani.

Lyle hakupigana. Alijaribu kushika bomba la pampu, vidole vikateleza. Walimtoa wakimwambia majina yao na kile wanachofanya, kama walivyofundishwa kwenye video, wakamfunga pingu kwa mbele na si kwa nyuma, na Ochoa akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha Lyle ili asijigonge akiingia garini. Bwana Garrity alisema kutoka kwenye uzio kwamba angalau leo wamekumbuka kazi. Arlene alimwuliza Ochoa hospitali gani wanampeleka, ili afuate na nguo safi.

Hapo Ochoa alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Hatumpeleki hospitali, mama. Amekamatwa."

"Najua amekamatwa. Lakini mnampeleka wapi?"

"Jela ya wilaya. Kwa kosa la kumpiga mtu wa nyumbani mwake. Sheria hainipi nafasi ya kuchagua."

Arlene alishuka ngazi moja. Alisema kwamba pengine ameeleza vibaya. Pengine aliteleza mwenyewe. Ochoa alisema, kwa upole ule ule wa jana, kwamba akina mama wengi husema hivyo gari likishawashwa, na kwamba haya yanarekodiwa. Akamfungia Lyle mkanda wa kiti.

Kituoni Orrin alisikia kwenye redio kwamba mtuhumiwa yuko garini, na akashusha pumzi ya faraja mbele ya watu. Muda si mrefu akasikia neno jela, akaketi.

*

Kilichomwokoa Lyle ni muuguzi wa jela. Alimtazama ngozi, akaipima damu yake, akakataa kumpokea. Alisema hapokei mtu anayekaribia kufa. Basi Ochoa akamgeuza, akampeleka hospitali aliyokuwa amekatazwa kumpeleka, akiwa mahabusu, na huko akatundikiwa dripu huku mkono mmoja umefungwa pingu kwenye kitanda. Daktari alisema figo zilikuwa zimeanza kugoma. Alisema angechelewa siku moja zaidi, pengine wasingekuwa wanazungumza.

Marlys alimletea mama yake habari hiyo, na Arlene akalia kwa mara ya kwanza. Alifikiri imekwisha. Alibeba begi la nguo, akavaa gauni la kanisani, akaenda hospitali. Mlinzi wa jela aliyeketi nje ya chumba alimwuliza jina, akaangalia karatasi zake, akasema yeye ndiye mwathiriwa, na mwathiriwa haruhusiwi kuingia. Arlene alisema yeye ni mama. Mlinzi alisema anaelewa, ni mama mwathiriwa. Alilipokea begi, akatoa mkanda na kamba za viatu, akamrudishia hivyo tu.

Kesi ilitajwa mara ya kwanza mahakamani, kwa skrini. Lyle alionekana akiwa na gauni la hospitali, akisinzia. Hakimu, mwanamke mwenye miwani minene, aliweka amri ya kumkataza mtuhumiwa kumkaribia mama yake, kumpigia simu, kumwandikia, au kutuma mtu kwake. Arlene alisimama kabla hajaulizwa. Alisema mbele ya watu wote kwamba amedanganya, kwamba mwanawe hajamgusa kamwe, kwamba alitaka tu achukuliwe akatibiwe. Hakimu alivua miwani akamtazama kwa namna ambayo haikuwa mbaya. Alimwambia kwamba katika kiti hiki amesikia maneno hayo kutoka kwa wanawake wengi, wengine wakiwa na meno yaliyong'oka, na kwamba wengine wao aliwaamini na akawazika. Amri itabaki.

Nje, Arlene alimshika mkwewe mkono. "Nimesema uongo wakaniamini," alisema. "Nimesema kweli, wananihurumia."

Dawa zilipoanza kumkolea, Lyle aliachiwa asubiri kesi nje, lakini hakuwa na pa kwenda, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa nyumba ya mama yake. Orrin na Marlys wakamweka kwao, kwenye chumba kilichokuwa cha kushonea. Jumapili ya kwanza Arlene alikuja na sufuria ya kuku na tambi. Orrin ndiye aliyemzuia mlangoni, mikono miwili imeshika fremu.

Alimweleza kwamba hawezi kuingia. Arlene alisema amri haimkatazi yeye, inamkataza Lyle, aliisoma. Orrin alisema ndiyo, na kwa sababu hiyo, wakikutwa chumba kimoja, atakayekamatwa ni Lyle.

"Hata kama ni mimi niliyemfuata?"

"Hata kama ni wewe uliyemfuata."

"Na nani atamkamata?"

Orrin alishusha mikono kutoka kwenye fremu. Arlene alimkabidhi sufuria, akashuka, akakaa garini mwake mbele ya nyumba mpaka Marlys alipotoka na kumwendesha hadi nyumbani kwake.

Usiku huo mume na mke waligombana bila kupaza sauti, kwa ajili ya mtu aliyekuwa chumba cha pili. Marlys alimwambia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha mama la kusema. Orrin alisema alijibu swali tu. Marlys akasema, "Ulijibu swali zima, au ulijibu nusu?" Orrin alikaa ukingoni mwa kitanda na soksi moja mkononi. Hatimaye alisema hajui.

Kesho yake alimwendea mkuu wa kituo akaanza kumsimulia yaliyosemwa jikoni. Mkuu aliinua kiganja. Alimwambia akimaliza sentensi hiyo, yeye atalazimika kuisikia, na akiisikia atalazimika kufungua jalada la mama mzee aliyetoa taarifa ya uongo na la sajenti aliyemwelekeza. Alimshauri aende nyumbani akalale. Orrin alisema amelala vya kutosha. Siku iyo hiyo alimtafuta wakili aliyepewa Lyle na mahakama, kijana mwenye mafaili yaliyomfika kidevuni, akamweleza kila kitu, pamoja na lile la nusu ya jibu, akaweka sahihi.

Haikuwa kama alivyotazamia. Hakuna aliyempongeza wala kumfunga. Wakuu wake walimvua cheo cha usajenti, wakamrudisha zamu ya kawaida, akawa anapokea maagizo kutoka kwa watu aliowafunza. Ochoa alikuwa mmoja wa waliozidi kumwita afande, ingawa hakupaswa. Siku moja wakila garini alimwuliza kama alikosea siku ile. Orrin alisema hapana. Ochoa akauliza, basi siku ya kwanza, alipoondoka? Orrin alifikiri, akasema hapana pia. "Mbona basi nahisi nimekosea mara mbili?" Ochoa aliuliza, na wakaendelea kula.

Mwendesha mashtaka alichukua miezi kuamua. Wakati huo wabunge walirudi Olympia, wakasikiliza malalamiko ya jimbo zima, wakarekebisha sheria: sasa iliandikwa waziwazi kwamba askari anaweza kutumia nguvu ya kiasi kumpeleka mgonjwa hospitali kwa amri ya mtu kama Fenske. Orrin alimpelekea mama mkwe wake habari hiyo mwenyewe. Arlene alikuwa anapogoa mti. Aliuliza kama maana yake ni kwamba alichokiomba Julai sasa kinaruhusiwa. Orrin alisema ndiyo. Aliuliza kama basi ile amri ya kumkataza Lyle imeondoka. Orrin alisema hapana, hiyo ni sheria nyingine. Arlene aliendelea kukata matawi, mengine ambayo hayakustahili kukatwa.

*

Mashtaka yalifutwa majira ya kuchipua, bonde likiwa jeupe kwa maua ya mitufaa. Hakuna aliyemshtaki Arlene. Ilisemekana hakuna mwendesha mashtaka aliyetaka kusimama mbele ya baraza la waamuzi wa mahakama na bibi mwenye gauni la kanisani. Amri ikaondolewa kwa mstari mmoja. Marlys akaandaa chakula cha mchana Jumapili, nyama ya kuoka na viazi, na Arlene akaja, safari hii bila sufuria.

Lyle alikuwa amesimama upande wa pili wa meza. Alikuwa amenenepa kidogo, ndevu amezipunguza vizuri, na alikuwa amejipatia kazi ya kupanga masanduku kwenye ghala la matunda. Mikono yake ilikuwa imefichwa kwapani. Arlene alipozunguka meza kumkumbatia, yeye naye alizunguka, kwa adabu, hatua kwa hatua, mpaka wakawa wamebadilishana pande.

"Kaa hapo, mama," alisema. "Hapo ni pazuri."

"Lyle, hukunigusa."

"Sawa."

"Sisemi ili nikufurahishe. Nilitunga. Ulikuwa umeketi chini, hukuinuka hata."

"Niliiona picha, mama. Wakili alinionyesha mkono wako."

"Niligonga mlango mwenyewe."

Lyle alimtazama, na uso wake ulijaa ule upole ambao Orrin aliuona bandani siku ile ya maji. "Hakimu ulimwambia hivyo hivyo, ili waniachie," alisema. "Ningekuwa wewe, ningefanya hivyo. Mimi sikumbuki siku ile, lakini najua mimi ni mtu wa namna gani nikiwa mgonjwa. Nilidhani maji ni sumu. Mtu anayedhani maji ni sumu anaweza kumsukuma mama yake."

Arlene alimgeukia Marlys, kisha Orrin. Orrin alianza kusema. Alieleza yale ya jikoni, swali na jibu lake, kama alivyomweleza wakili, bila kuruka neno. Lyle alisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa taratibu.

"Asante, shemeji," alisema. "Najua na wewe umesema hivyo ili uniokoe, ukapoteza cheo kwa ajili yangu."

Baada ya hapo hapakuwa na neno lililobaki ambalo halijajaribiwa. Nyama ilikuwa inapoa. Marlys alisema waketi. Lyle akaketi mwisho wa meza, akaikalia mikono yake, akamwomba Orrin, kama mtu anayeomba chumvi, aketi katikati yake na mama, ili kila mtu awe na amani. Arlene aliyasikia hayo. Alifumba macho, akayafumbua, akamtikisia mkwewe kichwa akubali.

Orrin akavuta kiti akaketi kati yao. Arlene alimpa bakuli la viazi, naye akampa Lyle. Lyle alitoa mkono mmoja chini ya paja, akajipakulia kidogo, akarudisha bakuli kwa Orrin, na kumwambia mama yake, kupitia bega la Orrin, kwamba viazi ni vizuri.